Bastola Ndogo Si Bastola Rahisi

Kijana wa dukani aliikagua bastola mara mbili mbele ya macho yangu, kisha akanikabidhi kitako kikiwa kimenielekea mimi. "Hii ndiyo tunayowauzia kina mama wengi," aliniambia, na kwa kweli ilionekana kuwa imetengenezwa kwa kufikiria kina mama: nyepesi, nyembamba, yenye kitako cha rangi ya zambarau, inayojaa kiganjani kama kipande cha sabuni ya kufulia. Nikaishika kama alivyonielekeza, nikakamata kile kipande cha juu cha chuma ambacho wenye biashara hii hukiita slaidi, nikavuta ili kukoki, kitendo kinachoipandisha risasi mahali pa kufyatukia. Hakikusogea. Nikavuta tena kwa nguvu zangu zote, kikarudi nyuma nusu ya safari yake, kikaniponyoka na kunibana ngozi ya kidole gumba. Kijana akacheka kwa adabu, akasema nitazoea.

Nina umri wa miaka 58, na daktari alikwisha kuniandikia kwamba nina baridi yabisi katika vidole gumba vyote viwili. Nilijua kwamba sitazoea. Niliirudisha bastola ile juu ya kaunta nikatoka nje, na ilinichukua miezi minne ya kusoma, kuuliza na kujaribu kabla sijarudi dukani, tena duka jingine. Ninaandika haya kwa sababu tangu niliponunua, kina mama wa rika langu tunaoishi nao huku Houston, Texas, Marekani, wamekuwa wakinipigia simu kuniuliza, na nimegundua kwamba wengi wao wameshapewa bastola ileile ndogo ya zambarau, au ndugu yake.

Nieleze kwanza kwa nini mtu kama mimi afike kwenye duka la silaha. Mume wangu alifariki, watoto wameondoka, nyumba imebaki na mimi peke yangu, na kazi yangu ya kuwatunza wagonjwa hunirudisha nyumbani usiku wa manane. Mwaka jana nyumba ya tatu kutoka kwangu ilivunjwa mlango wenyewe wakiwa ndani wamelala. Kwetu Tanzania ningekuwa na majirani wa kupigiwa kelele za mwizi wakatoka na marungu. Huku kila mtu amejifungia ndani na televisheni yake, na polisi, hata wakija haraka, huja kwa dakika wala si kwa sekunde. Sikuwa mgeni kabisa wa bunduki. Mwaka 1986, baada ya kidato cha sita, nilikwenda JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) Mafinga kwa mujibu wa sheria kama wahitimu wote wa wakati ule, na huko nilifundishwa kulenga shabaha kwa SAR, bunduki ndefu na nzito iliyoniachia bega la rangi ya bluu. Nilidhani mtu aliyemudu SAR hawezi kushindwa na kitu kinachoingia mfukoni. Hapo ndipo nilipokosea, na kosa langu ndilo kosa la wengi.

Bastola ndogo ni ngumu kwa sababu ya udogo wake. Risasi inapofyatuka, nguvu ileile inayoisukuma mbele huisukuma slaidi nyuma, ganda la risasi likatoka na risasi nyingine ikapanda kutoka kwenye magazini, kile kibweta cha risasi kinachoingia ndani ya kitako. Slaidi ikiwa ndefu na nzito, uzito wake wenyewe huimeza sehemu ya nguvu hiyo, na safari yake ya kurudi nyuma ni ndefu, kwa hiyo springi iliyo chini ya mtutu inaweza kuwa laini kiasi. Ukiipunguza slaidi mpaka iwe fupi na nyepesi, lazima uweke springi kali ili kuizuia, na springi hiyo kali ndiyo unayopambana nayo kwa vidole vyako pale unapokoki. Mojawapo ya bastola za mfukoni zinazojulikana sana, Ruger LCP iliyotoka mwaka 2008, ina uzito usiofika gramu 270 ikiwa tupu. Huo ni wepesi mzuri wa kubeba, lakini wepesi huohuo ndio unaofanya kila risasi ipige teke kama punda, kwa kuwa hakuna uzito wa kulipokea.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi, labda kwa sababu hawajaulizwa. Bastola mbili zinaweza kutumia risasi ya aina moja, moja ikakokika kwa urahisi na nyingine ikakutoa jasho. Katika bastola za mtindo wa zamani kama Walther PPK ya mwaka 1931, mtutu umekazwa mahali pake na hakuna kinachoizuia slaidi isirudi ila uzito wake, springi na nyundo, kile kipande cha nyuma kinachopiga ili risasi ifyatuke. Kwa hiyo springi huwa kali hata kama risasi yenyewe ni ya wastani. Katika bastola za mtindo mwingine, unaotokana na kazi ya Mmarekani John Browning, mtutu na slaidi hushikana kwa muda mfupi sana, hurudi nyuma pamoja, kisha mtutu huinama kidogo na kuiachia slaidi iendelee peke yake. Kushikana huko kunapunguza kazi ya springi. Ndiyo maana unaweza kukuta bastola ya milimita 9, risasi yenye nguvu zaidi, inakokika kwa wepesi kuliko PPK ya .380, ambayo ni aina ya risasi fupi kuliko hiyo. Mtu akikuambia kwamba risasi ndogo maana yake ni bastola rahisi, mwulize kwanza mtutu wake umekazwa au unainama.

Baada ya kushindwa na slaidi, ushauri wa pili niliopewa, na nilipewa na wanaume watano tofauti, ulikuwa kwamba ninunue rivolva. Hoja yao ina ukweli. Rivolva ndogo ya risasi tano, mtindo ambao Smith & Wesson waliutoa mwaka 1950 na ambao bado unatengenezwa kwa sura nyingi, haina slaidi wala magazini; unafungua silinda, lile pipa dogo linalozunguka lenye matundu ya risasi, unaona kwa macho yako kama kuna risasi au hakuna, unafunga. Kwa kupakia na kupakua, hakuna silaha iliyo nyepesi kueleweka kuliko hiyo. Shida iko kwenye kifyatulio, yaani triga. Kila unapokivuta, kidole chako kinafanya kazi mbili kwa mkupuo mmoja, kuizungusha silinda na kuinyanyua nyundo, na katika rivolva nyingi za aina hiyo kazi hiyo hudai nguvu ya kilo tano au zaidi. Chukua dumu la maji la lita tano, lininginize kwenye kidole chako cha shahada, kisha ujaribu kulivuta polepole bila mkono kutikisika, nawe utaelewa nilichokutana nacho. Bastola yenyewe ina uzito wa gramu mia nne na ushei. Nguvu ya kukivuta kifyatulio ni zaidi ya mara kumi ya uzito wa kitu unachojaribu kukituliza.

Kwa hiyo nilikaa chini nikajiuliza mikono yangu inatakiwa kufanya nini hasa. Iweze kusukuma risasi ndani ya magazini mpaka ya mwisho. Iweze kukoki, si mara moja ya kujionyesha dukani bali mara ishirini mfululizo. Iweze kuifungua slaidi na kuiacha imefunguka ili nione kama chemba, tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi iliyo tayari kufyatuka, ni tupu. Na iweze kuivuta ile triga bila ncha ya mtutu kucheza. Nikaamua kwamba bastola ambayo itanishinda katika mojawapo ya hayo haitaingia nyumbani kwangu, hata iwe na sifa gani, kwa sababu silaha ambayo siwezi kuipakua mwenyewe ni silaha ambayo itakaa na risasi ndani siku zote kwa uvivu wa vidole vyangu.

Nikatafuta uwanja wa shabaha unaokodisha bastola kwa saa, na hili ndilo ningemwomba kila mtu alifanye kabla ya kutoa fedha yake. Mwalimu alikuwa mwanamke mstaafu wa jeshi mwenye mikono kama yangu. Alinipangia tatu mezani: rivolva, bastola ya milimita 9 ya kawaida, na Smith & Wesson Shield EZ ya .380. Hii ya mwisho ilitolewa mwaka 2018, na watengenezaji waliikusudia hasa kwa watu wenye mikono dhaifu. Haitoshi kwenye mfuko wa gauni. Mtutu wake una urefu wa sentimita 9 na kitu, na uzito wake ukiwa tupu ni kama gramu 525. Lakini mtutu wake ni wa kuinama, nyundo imefichwa ndani, na slaidi nilipoivuta ilikuja kama mtoto wa meza. Magazini yake ya risasi nane ina kitufe pembeni ambacho unakibonyeza chini kwa kidole gumba, springi ikashuka, ukaidondosha risasi mahali pake bila kuilazimisha. Kwa mara ya kwanza tangu nianze safari hii nilipakia magazini nzima bila kusikia maumivu.

Nilipoipiga mara ya kwanza, haikulia. Nilivuta triga, kimya. Nikafikiri imeharibika. Mwalimu akaniambia niiweke chini, mtutu ukielekea mbele, kisha akanionyesha kipande cha nyuma ya kitako kinachobonyea: ni kizuizi, na kiganja kisipokibana sawasawa, bastola haifyatuki. Nilikuwa nimeishika chini mno. Nikapandisha mkono mpaka ukutane na slaidi kwa juu, na tangu hapo haikunigomea tena. Ninalitaja kwa sababu si kasoro ndogo kwa mtu mwenye kiganja dhaifu; ni jambo la kulijaribu kwa mkono wa kulia, kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono uliochoka, kabla ya kuamua. Kwa hatua saba, risasi nane ziliingia katika duara la ukubwa wa sahani ya wali. Za rivolva, mbili zilipata karatasi, tatu sijui zilikwenda kwa nani.

Bastola ya milimita 9 niliipiga vizuri pia, lakini baada ya risasi thelathini viganja vilianza kulegea, na hapo nikajifunza jambo ambalo JKT hawakunifundisha kwa sababu SAR hulala begani. Bastola ya aina hii hutegemea mkono wako uwe imara ili slaidi ipate kitu cha kusukumana nacho. Mkono ukilegea, slaidi hairudi kwa ukamilifu, na ganda tupu hukwama mlangoni likiwa limesimama kama bomba la moshi. Ukikwama hivyo, dawa yake ni kukoki tena kwa nguvu. Yaani mkono uleule uliochoka ndio unaotakiwa kutoa nguvu ya ziada. Ndiyo maana sikuona sababu ya kujipa sifa kwamba ninamudu bastola kwa risasi thelathini za kwanza tu.

Wapo watakaosema .380 ni dhaifu. Ni dhaifu kuliko milimita 9, hilo halina ubishi, na kama mikono yako inaimudu milimita 9 kwa risasi hamsini bila kulegea, nunua hiyo. Hata hiyo EZ ipo ya milimita 9, nzito kidogo zaidi. Mtu akiipata ya milimita 9 kwa mkono wa pili, aangalie namba yake kwanza, kwa sababu watengenezaji wenyewe waliziita zirudishwe zile zilizotengenezwa kati ya Machi na Oktoba 2020, zikaguliwe nyundo. Ruger nao wana Security-380, yenye slaidi laini na magazini ya risasi 10 au 15, ambayo sikuipiga ila niliikoki dukani nikaipenda. Na kwa yule ambaye slaidi ya aina yoyote inamshinda, Beretta walitengeneza bastola ndogo kama Tomcat ambazo mtutu wake hufunguka kwa juu kwa kubonyeza kitasa; unaweka risasi ya kwanza kwa vidole, unafunga, basi. Risasi zake ni ndogo zaidi, lakini namjua bibi mmoja ambaye hiyo ndiyo pekee aliyoweza kuipakia na kuipakua bila kumwita mjukuu.

Turudi kwenye kukoki, kwa sababu nusu ya udhaifu wangu haukuwa udhaifu. Nilikuwa ninavuta slaidi kwa ncha za kidole gumba na cha shahada, kama mtu anayefungua kifuniko cha chupa, huku mikono imenyooshwa mbele. Mwalimu alinifundisha kuileta bastola karibu na kifua, mtutu ukielekea shabaha na kidole kikiwa nje kabisa ya kifyatulio, kisha nifunike slaidi kwa kiganja chote cha mkono wa kushoto, vidole vinne upande mmoja na mzizi wa kiganja upande mwingine, bila kuziba mlango wa ganda. Halafu, badala ya kuvuta slaidi nyuma, mkono wa kulia unasukuma kitako mbele. Nguvu inatoka begani na mgongoni, wala haitoki kwenye vidole. Ikifika mwisho unaiachia ghafla. Ukiisindikiza kwa mkono kurudi mbele, risasi haipandi sawasawa. Kwa njia hiyo nilirudi siku moja kwenye duka lile la kwanza, nikaomba bastola ya zambarau, nikaikoki. Iliwezekana. Ila ilikuwa mara moja kati ya tatu, na kidole gumba kilinisema usiku kucha.

Na kupakua. Afande wetu Mafinga alikuwa akitutembeza mstari mzima akiuliza swali moja: magazini kwanza au chemba kwanza? Aliyejibu vibaya alikimbia kuuzunguka uwanja. Miaka karibu arobaini baadaye nimeona kwa macho yangu mtu mzima, msomi, akikoki bastola yake ili kuitoa risasi ya chemba huku magazini ikiwa bado ndani, risasi ikaruka nje, akaridhika kwamba sasa ni tupu. Haikuwa tupu, slaidi iliporudi mbele ilikwisha kupandisha nyingine. Magazini hutoka kwanza, ikawekwa mbali, ndipo unakoki, unaiacha slaidi wazi, unatazama chemba na kuingiza ncha ya kidole kidogo, kwa sababu macho ya usiku hudanganya. Bastola ambayo inafunga slaidi yake nyuma kwa urahisi itakufanya ulifanye hili kila mara. Ile inayokudai nguvu, siku moja utasema, aah, najua haina kitu.

Kuhusu sheria nitasema machache, kwa kuwa wengi wetu huku ni wahamiaji na makosa ya hapa hayana msamaha. Katika duka lenye leseni, bastola huuzwa kwa aliyetimiza miaka 21, na lazima ujaze fomu ya serikali kuu iitwayo 4473, kisha jina lako lichunguzwe katika mfumo wa FBI ulioanza mwaka 1998. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kununua. Aliyeingia kwa viza ya muda, kama ya masomo au matembezi, kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa na sheria. Kudanganya kwenye fomu hiyo ni kosa la jinai, na kosa la silaha linaweza kumwondoa mtu nchini hata kama kadi yake ni halali. Anayevuta bangi haruhusiwi, hata kama jimbo lake limeihalalisha. Na lile tulilolizoea la "ninunulie, nitakurudishia hela yako" hapa ni kosa zito. Zawadi ya kweli kutoka mfukoni mwako kwa mtu anayeruhusiwa kumiliki ni jambo jingine. Tangu Septemba 2021 Texas inawaruhusu watu wengi wazima kubeba bastola bila kibali. Mimi sibebi. Mahali ninapofanya kazi ni marufuku, na bastola iliyoachwa ndani ya gari ni bastola ya mwizi.

Mazungumzo magumu kuliko yote hayakufanyika dukani. Binti yangu, ambaye ni muuguzi, alinipigia simu kutoka Dallas baada ya kusikia. Nilitegemea aniulize kuhusu wajukuu. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Mama, shikamoo tena, naomba usikasirike. Zile siku baada ya baba, ungekuwa nayo ndani ya nyumba, ningelala?" Sikukasirika. Nilimwambia ukweli, kwamba zile siku nisingeiruhusu ikae hata usiku mmoja, na kwamba sikuikaribia kaunta ya kioo mpaka miaka miwili ilipopita. Tukakubaliana kwamba yeye ana namba za sanduku, na kwamba akinisikia nimebadilika sauti, nitaipeleka kwake bila maswali. Mama aliye katika msiba mbichi anaponiuliza bastola gani anunue, sasa hivi humwambia asubiri, na humwambia kwa nini.

Sanduku lenyewe ni la chuma, la kubonyeza namba, nimelifunga kwa skrubu kwenye sakafu ya kabati karibu na kitanda. Sheria ya Texas inamwadhibu ambaye kwa uzembe wake silaha yenye risasi imefikiwa na mtoto wa chini ya miaka 17, lakini hata bila sheria, mjukuu wangu wa miaka minne ameshafungua simu yangu, friji na pochi yangu. Sijidanganyi kwamba droo itamshinda. Ndani ya sanduku bastola imevaa ala yake inayofunika kifyatulio, kwa sababu nilichagua ile EZ isiyo na kitufe cha usalama cha kidole gumba, na nilichagua hivyo kwa kuwa kidole gumba ndicho kiungo ninachokiamini kidogo zaidi mwilini mwangu. Pembeni kuna tochi. Nyumba za huku kuta zake za ndani ni ubao wa jasi tu, risasi inapita kutoka chumba hadi chumba, na mtu anayetembea gizani sebuleni kwangu anaweza kuwa mwanangu aliyekuja bila kupiga simu.

Mwezi uliopita nilimsindikiza rafiki yangu, mama mmoja kutoka Bukavu, kwenye uwanja uleule kwa mwalimu yuleyule. Viungo vyake vimeharibika kuliko vyangu. Alijaribu EZ, akashindwa mara nne. Alijaribu ile ya mtutu unaofunguka, akaipakia vizuri, lakini alipoishika kwa mikono miwili ilikuwa inatetemeka kiasi kwamba mwalimu hakumpa risasi. Akaiweka mezani kwa upole, akanitazama. "Dada, mikono imekatala," akasema. Mwalimu hakumshawishi, na mimi pia sikumshawishi.

Tulipotoka hapo tulipitia duka la vifaa vya ujenzi, tukanunua taa ya nje inayowaka mtu akipita, kitasa kipya cha mlango wa mbele na pakiti ya skrubu za inchi tatu, za kupita kwenye fremu ya mlango mpaka zikamate mbao za ukuta. Jioni ile nilizifunga mwenyewe kwa drili, yeye akinishikia tochi na kunihesabia. Skrubu zilizotoka kwenye bamba la komeo lake la zamani, zile zilizokuwa zimemlinda kwa miaka yote tisa aliyokaa humo, zilikuwa na urefu wa nusu ya njiti ya kiberiti.